Nyumba ya kupangisha yenye paa la kulala: angalia panti kwanza, bei ya manjanja baadaye

Mwezi wa 4, saa nane ya usiku, mvua ilikuwa inapiga Ndosho, hapa Goma, vile inapigaga mwezi ule, simu yangu ikalia, ni lokateri (mupangaji) wa chumba cha tatu. "Mama, samahani kukuamusha, maji inaingia, tumetoa watoto ku kitanda tumewaweka ku pembe yenye iko mukavu." Sikulala tena. Asubuhi nikaenda na fundi, na ile manjanja (bati ya paa) ilikuwa na miaka 3 tu, niliinunua mupya, nikaihesabu moja moja mimi mwenyewe mbele ya kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi). Fundi akapanda, akakaa kule juu muda mrefu, akashuka akaniambia: "Mama, uliuziwa manjanja ya nyumba yenye muteremko, halafu mukailaza. Hapo haikuwa na namna ya kuishi."

Tangu siku ile nimefanya upya paa mbili na nimesaidia majirani na ndugu ku zingine, na kila mara naona kosa ni lile lile, sisi mabayeri (wenye nyumba za kupangisha) tunaanza na swali ya bei ("manjanja moja ni ngapi?") na hatujapima hata mara moja nyumba yetu inateremuka kiasi gani. Paa lenye kulala haliko sawa na paa la kusimama. Ile panti, yaani muteremko, njo inaamua ni kitu gani kinaruhusiwa kukaa juu ya nyumba, kisha hewa ya Goma inaamua kitakaa miaka ngapi, na bei inakuja nyuma ya hayo yote. Naandika hii kwa bayeri mwenye ana vyumba 3, 4 au 6 kwa mustari, si kwa mwenye anajenga jumba la Himbi.

Kwanza tuelewane kwa nini paa zetu zinalala. Parseli za Goma ni ndogo, mutu anajenga nyumba yake mbele, kisha anapanga vyumba nyuma kando ya ukuta wa jirani, na maji haipaswi kuanguka kwa jirani, kwa hiyo paa linakuwa la upande moja, linateremukia ndani ya parseli. Upande wa ukuta ukipandisha sana jirani analalamika na mbao inakula pesa, upande wa mulango ukishusha sana mutu anapiga kichwa. Basi tunalaza. Wengine wanaongeza chumba chini ya paa la zamani, wanaunganisha manjanja na manjanja, na kila wakiongeza paa linalala zaidi, mpaka ile ya mwisho iko karibu sawa na meza.

Namna ya kupima ni rahisi, hauhitaji enjinia. Chukua mbao imenyooka ya metre moja, weka juu yake nivo, uishike mpaka ile povu ya hewa ikae katikati, mwisho moja ukigusa paa upande wa juu. Pima kwa mupimo ni santimeta ngapi kati ya mwisho wa pili wa mbao na paa. Hiyo namba njo panti yako. Ukiwa haujajenga bado, tumia tuyo (mupira) yenye maji ndani yake, mafundi wote wanaijua, unapata urefu wa ukuta wa nyuma na wa mbele, unatoa, unagawanya kwa upana wa nyumba.

Sasa shika hizi namba. Manjanja za kawaida zile za mawimbi ya duara zinataka kama 18 santimeta kwa kila metre, hiyo ni digri 10. Ku nyumba ya metre 5 za upana inamaanisha ukuta wa nyuma unapita wa mbele kwa 90 santimeta. Wengi wetu hatuna hiyo 90. Manjanja za bak, zile zenye mbavu pana za kusimama na sehemu tambarare katikati, zinaweza kushuka mpaka 9 santimeta kwa metre, digri 5, yaani 45 santimeta ku nyumba ile ile ya metre 5, juu maji inapita ku sehemu tambarare na maungo iko juu ya mbavu, mbali na maji. Zile manjanja nzuri za kufanana na vigae, zenye muchanga muchanga juu, watu wa nyumba kubwa wanazipenda, zinahitaji digri 12 hadi 15, ni 21 mpaka 27 santimeta kwa metre, kwa hiyo ku paa la kulala usiziangalie hata kama wanakupunguzia bei. Na kama panti yako iko chini ya 5 santimeta kwa metre, ukweli ni kwamba manjanja yoyote itakusumbua, hapo uko na njia mbili tu, uinue ukuta wa nyuma kwa matofali mistari miwili mitatu, au umwage dale ya beto (paa la zege) na uifunike vizuri, na dale nitaisema chini.

Kuinua ukuta. Watu wanaruka hii kwa sababu wanaona ni kazi kubwa, lakini matofali mistari miwili ya 20 santimeta inakupa 40 santimeta, na 40 santimeta ku metre 5 ni 8 kwa metre, hapo umetoka ku paa la kufa umefika karibu ku paa la kuishi. Ku nyumba ya mbao ni rahisi zaidi, unaongeza nguzo. Mimi ku vyumba vyangu vya pili njo hivyo nilifanya, na ile pesa ya matofali sijawahi kuijuta.

Hewa yetu inakula chuma

Mutu wa Kisangani au wa Kampala akisoma hesabu zangu anaweza kusema naogopa bure, lakini sisi tuko chini ya Nyiragongo. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi yenye salfa mingi, ziko kati ya volkano zenye zinatoaga salfa mingi sana duniani, na ndani ya ile moshi kuko pia asidi ya kloro na ya fluori. Mvua ikipita ndani yake inashuka na asidi. Mara mingi upepo unasukuma moshi upande wa magharibi, njo maana watu wa Rusayo na Sake wanajua manjanja kuoza haraka kuliko mutu wa Birere, lakini hakuna kartie ya Goma yenye imepona kabisa.

Manjanja ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki inalinda chuma kwa kujitoa yenyewe kidogo kidogo, ni kama sabuni, siku imeisha chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Maji ya asidi inaimaliza haraka sana. Sasa ku paa lenye muteremko mukali maji inapiga na kukimbia, lakini ku paa la kulala inakaa, inakauka polepole, inaacha asidi yake pale, na majivu ya volkano yenye imeanguka juzi inabaki ndani ya mabonde ya mawimbi, umande wa usiku unailowesha, inakuwa kama uji wa asidi unalala juu ya zinki yako kila usiku. Manjanja yangu ya miaka 3 ilitoboka ndani ya mabonde na mahali manjanja mbili zinapandana. Juu ya mawimbi ilikuwa bado inang'aa. Ile picha njo ilinifundisha kuliko maneno.

Kwa hiyo aina. Kuko galva, ile ya zinki peke yake. Kuko aluzink, yenye kupakwa muchanganyiko wa aluminiumu 55 kwa 100, zinki karibu 43 na nusu, na siliko kidogo. Aluminiumu inavumilia asidi kuliko zinki, kwa hiyo kwa Goma na kwa paa la kulala mimi nasema aluzink bila kusitasita. Kuko ile ya rangi, rangi imechomwa kiwandani, na nzuri ni ile yenye chini ya rangi iko aluzink, juu kama chini ya rangi ni galva nyembamba, mukwaruzo moja unatosha kuanzisha kutu. Kuko na aluminiumu tupu, haina chuma ndani, haishiki kutu nyekundu, lakini ni laini, fundi akikanyaga vibaya inabonyea, na pale penye kubonyea maji inalala. Bei yake pia kwa nyumba ya kupangisha inakuwa nzito.

Uliza kiasi cha kupakwa, si kung'aa. Galva nzuri inakuwa na gramu 275 za zinki kwa metre kare, ukihesabu pande zote mbili, na hiyo ni kama maikro 20 kila upande. Kuko zingine zina gramu 100 tu au chini, maikro 7, na zote mbili zinang'aa sawasawa siku ya kununua. Aluzink nzuri ni gramu 150. Muuzaji mwenye hajui kabisa hizi namba au anakasirika ukiuliza, mimi natokaga.

Unene nao. Kwetu wanauza kwa BG, na namba ikipanda manjanja inakonda: BG 28 ni kama milimeta 0.40, BG 30 ni 0.31, BG 32 ni 0.25. Ku paa la kulala usishuke chini ya BG 30, na ukiweza piga BG 28, kwa sababu ile nyembamba inashuka katikati ya mbao, inafanya kitanda, maji inalala ndani ya kitanda, na umerudi kulekule. Pia fundi wa kuja kusafisha atapanda juu, lokateri ataanika mihogo juu (atafanya, usijidanganye), antena itafungwa juu.

Shida ni kwamba namba yenye kuandikwa si lazima iwe namba ya kweli. Njia ya kujua ni kupima kilo. Chukua manjanja moja, pita na kamba juu ya mawimbi ukifuata kila kupanda na kushuka, kisha nyoosha kamba uipime, huo njo upana wa kweli. Zidisha na urefu, unapata metre kare. Chuma cha milimeta moja kina kilo 7.85 kwa metre kare. Tuseme manjanja yako ni ya metre 3 na kamba ilikupa 90 santimeta, hiyo ni metre kare 2.7, basi BG 32 ya kweli itakuwa karibu kilo 5.3, BG 30 karibu 6.6, BG 28 karibu 8.5. Ukiweka ku mizani ikatoa 4, hiyo si BG 30 hata wakuapie kwa Mungu, hiyo iko chini ya milimeta 0.20. Mimi naendaga na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia makala, na sijawahi kumutukana mutu, napima tu mbele yake.

Urefu wa manjanja, mahali pesa inapookoka

Kama kuko kitu kimoja nataka ukumbuke ku kazi ya paa la kulala, ni hiki: punguza mapandano. Kila mahali manjanja ya juu inapanda manjanja ya chini, maji inaingia katikati. Ku muteremko mukali inateremuka yenyewe, lakini ku paa la kulala zile bati mbili zenye kushikana zinanyonya maji, inapanda kwenda juu kama mafuta ya taa ndani ya utambi, inavuka mwisho wa manjanja na kudondoka ndani. Na hata kama haijadondoka, haikauki, na kutu inaanzia palepale.

Kwa hiyo ku nyumba ya metre 5, usichukue mbili za metre 3 ukazipandanisha, agiza za bak zenye kukatwa kwa urefu wako, metre 5 na nusu kipande kimoja toka juu mpaka chini. Itakupa shida ya usafiri. Manjanja ya metre 5 na nusu ku chukudu (kigari cha mbao) inapindika na kuvunja rangi, tafuta gari, lipia gari, na weka mbao chini yake. Kama hauwezi kabisa kupata ndefu, basi mapandano iwe santimeta 30, si zile 15 zenye fundi amezoea, na katikati weka tepi ya butili mistari miwili. Wengine wanatia siliconi. Angalia hapa sana: siliconi yenye kunuka kama siki inakula zinki, na mimi nimeona mustari wa kutu umefuata mustari wa siliconi kama mutu amechora. Chukua ile isiyo na harufu ya siki, imeandikwa "neutre" ku tibu. Pembeni, manjanja na manjanja, ku zile za mawimbi pandanisha mawimbi mawili, moja haitoshi, na mwisho wenye kuwa juu uangalie upande upepo hautokei.

Shevro za chini, zile mbao zinazopita kuvuka, ku BG 30 ziweke kila 60 mpaka 75 santimeta, ku BG 28 unaweza kufika 90. Fundi atakuambia metre moja inatosha. Inatosha siku ya kwanza. Mbao iwe kavu, juu mbao mubichi ya ekaliptusi ikikauka inajikunja na kuachia musumari, na musumari ukilegea tundu inabaki wazi juu ya kichwa cha mutoto wa mutu.

Misumari yenyewe: ku manjanja za mawimbi inapigwa juu ya wimbi, haipigwi ndani ya bonde. Ndani ya bonde ni rahisi kupiga na manjanja inashikana vizuri na mbao, njo maana mafundi wenye haraka wanapenda, lakini bonde njo mutaro wa maji, umetoboa mutaro. Kama mufuko unaruhusu acha misumari, chukua visi (skrubu) zenye kofia na kaoucho (mupira) nyeusi chini, unazifunga mpaka kaoucho ianze kufura kidogo pembeni, hapo unasimama, ukiendelea unaikata. Kata manjanja kwa makasi ya manjanja. Usiruhusu diskezi (mashine ya kukata chuma) hata kama inaenda haraka, zile cheche za moto zinaanguka juu ya rangi na juu ya zinki, zinachoma vidoti vidoti, na baada ya mvua chache kila kidoti kinakuwa kutu. Na jioni ya kila siku fagia vumbi yote ya chuma na vichwa vya misumari vilivyoanguka. Simenti mubichi pia, ikiangukia aluzink inaila, ioshe palepale.

Mahali paa linakutana na ukuta wa nyumba kubwa njo mahali pa pili pa kuvuja. Kumwaga simenti kwenye pembe haisaidii, bati inacheza na jua, simenti haichezi, inapasuka mwaka wa kwanza. Weka bati iliyokunjwa, upande moja uinuke ukutani 15 santimeta na uingie ndani ya mustari umechimbwa ku ukuta, upande mwingine ufunike manjanja.

Maji yenye haitoki mvua

Kuko kesi moja lokateri anapiga simu anasema nyumba inavuja na wewe unapanda hauoni tundu. Uliza: ilidondoka wakati gani? Akisema asubuhi, na usiku mvua haikunyesha, basi si tundu. Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, usiku kunakuwa na baridi, manjanja inapoa, na ndani watu 5 wanapumua na wamepika, ile muvuke inapanda, inagusa bati ya baridi, inageuka maji, na ku paa la kulala haiteremuki kwenda ukutani, inadondoka palepale katikati. Ukimuambia lokateri anasema uongo umekosea, na ukibadilisha manjanja umetupa pesa. Dawa ni hewa: acha nafasi wazi chini ya paa upande wa juu na upande wa chini, iwe na wavu juu ya panya, na weka plafo (dari), hata ya triplex, na hewa ipite katikati ya plafo na manjanja. Plafo pia inapunguza kelele ya mvua na joto ya saa saba ya mchana, na mutu mwenye amelala vizuri anakaa miaka.

Kama uko na dale

Dale ya beto inahitaji panti pia, 2 santimeta kwa metre, na isimamiwe wakati wa kumwaga, si kurekebishwa kwa shape (simenti ya juu) nyembamba baadaye yenye itabanduka. Toa mifereji miwili, si mumoja, kwa sababu mumoja ukijaa majani dale inakuwa beseni, na metre kare moja ya maji ya santimeta 10 ni kilo 100. Kuhusu kufunika, beto peke yake inapitisha maji, na rangi za kupaka na simenti zenye wanasema ni etanshite (za kuzuia maji) zinakuwa ngumu, na dale zetu zinatembea. Mwezi wa 5 wa 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, ardhi ilitetemeka siku nyingi mfululizo, nyumba nyingi za mujini zilipasuka, na kila kitu kigumu juu ya dale kilipasuka pamoja nayo. Chukua ile ya karatasi nene ya gudron, milimeta 4, ya kuchomwa na moto wa gazi, inavutika kidogo. Dale iwe kavu kabisa kwanza. Mapandano ya pembeni santimeta 10, ku ukuta ipande santimeta 15 au zaidi, na ukimaliza funga mifereji, jaza maji vidole vitatu, acha siku mbili, ingia chini uangalie na tochi. Fundi alipwe sehemu ya mwisho baada ya hizo siku mbili.

Paa njo kisima cha lokateri

Hapa mabayeri wengi hawafikirii, na mimi naona njo jambo lenye uzito kuliko yote. Goma tumejenga juu ya mawe ya lava, kisima hakichimbiki hivi hivi, na maji ya Regideso (kampuni ya maji) haifiki kila parseli. Mutu anakunywa, anapikia na anaogesha watoto maji yenye imepita juu ya manjanja yako. Milimeta moja ya mvua ku metre kare moja ni litre moja, basi vyumba vya metre 12 kwa 5 ni metre kare 60, mvua ya milimeta 20 inakupa litre 1,200, hata ukipoteza ile ya kwanza na ile ya kuruka pembeni unabaki na kama bidon 50. Siterni (tangi) na gutieri (mufereji wa paa) nzuri, yenye panti ya nusu santimeta kwa metre, lokateri atakulipia kwa furaha.

Lakini basi chagua paa kama chombo cha chakula. Usipake gudron juu ya manjanja yenye maji yake inanyweka. Usipake rangi ya zamani yenye haujui iko na nini ndani, risasi (plomb) ya rangi haionekani. Toa maji ya dakika za kwanza kila mvua, hasa mvua ya kwanza baada ya jua na baada ya majivu. Na kwa upande wa Rusayo na kule kwote chini ya moshi, fluori inaingia ndani ya maji ya mvua yenyewe, inaharibu meno ya watoto, na kuchemusha haiitoi, kwa hiyo waambie walokateri wazi kwamba maji ya siterni ni ya kufua na kuosha, ya kunywa watafute ingine.

Ukirithi nyumba ya zamani yenye eterniti, zile za kijivu nene zenye kufanana simenti, nyingi zilitengenezwa na amianti (asbesto), na vumbi yake inaleta kansa ya mapafu miaka mingi nyuma. Usikate, usitoboe, usikwangue, usivunje kwa nyundo. Zikiwa zima ziache. Zikipaswa kutoka, zilowesheni maji, mutoe misumari polepole, zishuke zima, na watoto wawe mbali.

Hesabu yangu ya bei naifanya kwa mwaka, siifanyi kwa manjanja. Tuseme kazi ya rahisi inakula dola 600 na inakaa miaka 4, hiyo ni 150 kwa mwaka. Tuseme kazi ya aluzink BG 28, ndefu, visi, inakula 1,100 na inakaa 15, hiyo ni kama 73 kwa mwaka. Na ku ile ya rahisi sijaweka bado mwezi wa kodi wenye chumba kilibaki wazi, garanti yenye ulirudisha kwa haraka na pesa umeshaila, matras ya mutu yenye uliharibu. Kama pesa ya yote haiko, usitandaze ubaya juu ya vyumba vyote 4. Fanya viwili vizuri sasa, viwili mwaka kesho.

Kwa kutengeneza tundu: shitingi (turubai) ni ya usiku mumoja mpaka wiki moja. Ukiiacha, jua inaikausha inapasuka, na chini yake manjanja inabaki na unyevu na kuoza mara mbili. Matundu ya risasi za kushuka, wengi wetu tuko nayo tangu vita ya mwezi wa 1 wa 2025, na hayo usiyazibe kwa donge ya siliconi peke yake. Sugua mpaka chuma kisafi, weka butili, weka kipande cha bati ya aina ile ile chenye kupita tundu kwa santimeta 10 kila upande, kifunge kwa rivé. Tundu ziking'ang'ania kuwa nyingi ku manjanja moja, badilisha manjanja nzima.

Kazi yote ifanyike kati ya mwezi wa 6 na wa 8, mvua ikiwa imepumuzika. Kisha mwisho wa mwezi wa 8, kila mwaka, mutu apande na fagio laini, atoe majivu na majani, akanyage ku mustari wa visi tu, afunge zile zilizolegea, na amwage ndoo chache za maji upande wa juu wakati wewe uko ndani na tochi, chumba kwa chumba, pamoja na lokateri. Manjanja mbili za kubaki na visi kama 50 za aina ile ile ziweke ndani ya nyumba, zimesimama, hazijalala juu ya udongo, juu siku utakapozihitaji kenkayeri itakuwa na aina ingine.